MNADA WA HADHARA NA UWE WA HADHARA KWELI

Hapana kitu kinachokusanya watu upesi kama kengele ya dalali. Hapa Kibaha, tangu Mailimoja mpaka Mlandizi, watu wamekwisha kuizoea. Gari lenye kipaza sauti lasimama mbele ya nyumba, dalali ashuka na karatasi zake, majirani wasogea kivulini mwa mwembe, na mwenye nyumba yumo ndani, mlango umefungwa. Kwa muda mfupi tu bei imekwisha kupatikana, na nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi, tofali juu ya tofali, imepata bwana mwingine.

Jioni mtaani maneno huwa ni mawili. Hawa wasema, "Masikini, kadhulumiwa." Wale wasema, "Kajitakia. Nani alimtuma kukopa?" Sisi twaona kuwa wote wawili wamehukumu kabla ya kuuliza. Swali lenyewe ni hili: je, mnada ule ulikuwa wa hadhara kweli, au ulikuwa wa hadhara kwa jina tu?

Kwanza tuseme wazi, asije mtu akatusingizia. Sisi hatutetei mtu anayekopa akakataa kulipa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Fedha za benki si fedha za mizimu. Ni akiba ya mwalimu, ya mkulima wa korosho, ya mama auzaye samaki. Akopaye kwa hila awaibia hao. Lakini kama ilivyo haki kwa mdai kulipwa deni lake, ndivyo ilivyo haki kwa mdaiwa asinyang'anywe zaidi ya deni lake. Haki hizi ni mbili, nazo zakaa nyumba moja.

Jambo hili si geni katika siasa ya nchi hii. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi ya Tanganyika iwe mali ya mtu kabisa, ya kuuzwa na kununuliwa kama nguo dukani, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho *Mali ya Taifa*. Alionya kuwa ardhi ikifanywa bidhaa, mwisho wake wachache wenye fedha watakuwa mabwana, na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki ule wa milele ulifutwa, na hata leo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kuwa ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mwananchi apewa haki ya kuitumia, na haki hiyo aweza kuiweka rehani.

Wako watakaouliza: basi kwa nini rehani isipigwe marufuku, tukaepukana na minada yote? Jibu ni kwamba tumekwisha kuyaona hayo. Mkoloni naye alikuwa na sheria ya kumzuia Mwafrika kukopeshwa, akidai kuwa amlinda. Matunda ya ulinzi ule yalikuwa nini? Mwafrika alibaki bila mtaji, akitazama biashara za wengine zikinawiri. Rehani ni kama panga. Laweza kufyeka shamba, laweza kukata mkono. Hatutupi panga; twajifunza kulishika.

Basi mshiko wenyewe ni upi?

Mwenye nyumba ajue kwanza kuwa mahali pa kumwokoa ni kwenye mkataba, wala si kwenye mnada. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mtu mmoja kwa siri. Sheria yataka mke au mume anayeishi humo aonyeshe ridhaa yake. Tena amdhaminiye rafiki yake kwa nyumba yake mwenyewe asidhani kuwa amesaini barua ya heshima. Rafiki asipolipa, nyumba itakayouzwa si ya rafiki.

Pili, ajue kuwa wengi wamekosea wadhanipo kuwa benki haiwezi kuuza mpaka iende mahakamani. Yaweza. Lakini haiwezi kuuza ghafula. Yapasa kumpelekea mdaiwa ilani ya maandishi, imweleze kosa lake, kiasi anachodaiwa, na afanye nini ili kujirekebisha. Kisha zipite siku 60 tangu alipoipokea. Siku hizo hazikuwekwa ili mtu ajifiche kwa shangazi yake Kisarawe. Ziliwekwa ili aende benki akaombe mpango mpya, au alipe, au atafute mnunuzi wake mwenyewe kwa bei nzuri, benki ikiridhia. Hata baada ya hapo mlango haujafungwa. Maadamu nyumba haijauzwa, mdaiwa akilipa deni lote na gharama zake aweza kuikomboa. Na akiwa na hoja ya haki, kwa mfano kuwa ilani haikumfikia kamwe, aende mahakamani mapema, wala asingoje mpaka asikie kengele mlangoni.

Tatu, mnada wenyewe hauna budi kutangazwa. Sheria ya madalali, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni, yasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka zipite siku zisizopungua 14 tangu kutangazwa, na litangazwe katika mji mkuu wa wilaya na pale pale pa kuuzia. Tena yataka tangazo lisiwe la karatasi tu, bali lifanywe pia kwa njia ambayo hata mtu asiyesoma aweza kuifahamu. Tafadhali, msomaji, lipime neno hili. Hata watunga sheria wa zamani walijua kuwa karatasi peke yake haimtangazii mtu asiyejua kusoma. Je, leo itakuwaje tangazo dogo katika gazeti lisilofika Visiga wala Misugusugu lihesabiwe kuwa limewafikia watu wa huko?

Nne, bei. Auzaye rehani ana wajibu wa kutafuta bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo kwa wakati ule. Nyumba ikiuzwa pungufu kwa robo au zaidi, ikilinganishwa na bei ya kawaida ya nyumba za namna ile sokoni, sheria huchukulia kuwa muuzaji amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vingine, na mdaiwa aweza kuiomba mahakama itamke kuwa uuzaji huo ni batili.

Tano, masalio. Na tutoe mfano. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 60, na deni ni milioni 30. Ikiuzwa kwa milioni 54, zikatolewa kodi, gharama za mnada zikawa milioni 3, na deni likalipwa, masalio ni ya mwenye nyumba, baada ya kuwalipa wadai wengine wenye rehani juu ya nyumba ile kama wapo. Basi hapo anapata kama milioni 21 za kuanzia maisha. Ikiuzwa kwa milioni 35 katika mnada wa watu watatu, apata milioni 2 na aibu. Fedha zile nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa mnunuzi, na pengine kwa wale waliompangia.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wengi wadhani kuwa adui wa mwenye nyumba ni umati unaokuja kununua. La. Adui yake ni uchache wao. Wanunuzi wakiwa wengi bei yapanda, deni lafutika, masalio yabaki. Wakiwa wachache, nao wamekwisha kunong'onezana kando ya gari, bei yalala chini. Kwa hiyo jirani anayemtukana mnunuzi na kumtupia mchanga adhani amsaidia rafiki yake, kumbe amfukuza mtu mwaminifu na kumwachia uwanja mlanguzi, ambaye hajali matusi. Mwenye nyumba mwenye busara, mnada ukiwa hauepukiki tena, awaite wanunuzi yeye mwenyewe. Twajua kuwa ni jambo la uchungu. Lakini uchungu wenye masalio si sawa na uchungu mtupu.

Na mnunuzi naye twamwambia: kununua mnadani si dhambi, lakini usinunue gizani. Nenda kaitazame nyumba kabla ya siku yenyewe. Uliza kwa Msajili wa Hati ni ya nani na imefungwa na nini. Uliza serikali ya mtaa kama pana mgogoro wa mpaka au wa urithi. Mtake dalali aonyeshe leseni yake na barua iliyomtuma. Uwe na fedha tayari, maana desturi ni kulipa robo ya bei papo hapo na sehemu iliyobaki ndani ya siku 14. Katika mnada wa mahakama ni robo vilevile, na iliyobaki ndani ya siku 15, na anayeshindwa kuimalizia aweza kuipoteza ile robo. Sheria humlinda mnunuzi mwema, hata ikiwa benki ilikosea. Mdaiwa aliyeonewa atadai fidia kwa yule aliyeuza. Lakini haimlindi mnunuzi aliyejua kuwa pana hila, au aliyekuwa na kila sababu ya kujua.

Tumetaja mnada wa mahakama, na yafaa tueleze tofauti. Huo wafuata hukumu ya kesi, na siku 30 hazina budi kupita tangu tangazo la uuzaji kubandikwa. Tena iko kinga ambayo wananchi wengi hawaijui: kwa deni la kawaida, lisilo na rehani juu ya nyumba, nyumba anamokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea haikamatwi ili kutimiza hukumu. Aliyeiweka nyumba hiyo rehani kwa hiari yake asitegemee kinga hii. Lakini anayedaiwa fedha za mchele au za mabati asitishwe na mtu kuwa kesho atalala nje.

Liko jambo moja baya kuliko minada yote. Ni yale makaratasi ya wakopeshaji wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Mtu ataka fedha za hospitali usiku. Mkopeshaji amwambia, "Saini hapa." Karatasi ile si ya rehani; ni mkataba wa kuuza nyumba, na bei yake ni ile ile ya mkopo. Siku ya kulipa ikipita, hapana ilani, hapana siku 60, hapana tangazo, hapana kengele, hapana masalio. Mkopeshaji aja na karatasi yake na kusema nyumba ni yangu nimenunua. Mnada, kwa ubaya wake wote, una mashahidi. Karatasi ile haina. Ndugu mwananchi, usisaini kuuza wakati wakopa. Na kabla ya kukopa uliza kama mkopeshaji ana leseni, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha haifanywi bila leseni.

Basi twataka nini?

Twataka wadai waandike ilani zao kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Haifai mtu apoteze nyumba kwa barua ambayo lazima ampe mwanawe aliye sekondari amsomee, naye mtoto aifahamu nusu.

Twataka tangazo la mnada lisomwe kwa sauti katika mtaa wenyewe, libandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, sokoni na kituoni, na siku 14 zihesabiwe kwa haki.

Twataka wenyeviti wa mitaa wahudhurie minada kama mashahidi, waandike idadi ya waliokuja na bei zilizotajwa. Pasiwe na mwenyekiti anayepokea bahasha ili awe kipofu kwa nusu saa.

Na twataka kila tawi la chama litenge siku moja kuwafundisha wanachama mambo haya. Katika kila tawi hakosi karani, au mwalimu, au kijana aliyesoma sheria. Huyo akae kwenye benchi na wazee, awasomee mkataba kabla hawajatia dole gumba. Kazi hiyo ya saa moja yaweza kuokoa jasho la miaka kumi.

Tulipigania nchi hii ili mtu awe na mahali pa kuweka kichwa chake. Hatukuahidiana kuwa hapana atakayeanguka. Tuliahidiana kuwa anayeanguka hatavuliwa nguo akiwa chini. Deni na lilipwe. Nyumba ikibidi kuuzwa, na iuzwe. Lakini iuzwe mchana, mbele ya watu, kwa lugha ya watu, na kwa bei ya haki.