Mtoto Asiyetulia Si Mchawi



Katika kila parokia kuna mtoto ambaye sote tunamfahamu. Katekista akianza sala, yeye anachungulia dirishani. Wenzake wakikaa, yeye anasimama. Akitumwa chumvi anarudi na kiberiti, au harudi kabisa kwa sababu njiani alikuta watu wakicheza mpira. Hujibu kabla swali halijaisha, na kalamu anapoteza tatu kwa juma. Mtoto huyo tumempa majina mengi: mtukutu, kichwa kigumu, mjinga. Sasa, katika mitaa mingi ya miji yetu, amepewa jina lililo baya kuliko yote, mchawi. Tunaandika ili kulikataa jina hilo, na kuwapinga wale wanaokula kwa kulitamka.

Lakini tuanze na sisi wenyewe. Miaka miwili iliyopita kikundi chetu kilimfukuza mtoto wa miaka tisa. Tulikuwa tukitayarisha nyimbo za Pasaka. Aliangusha ngoma, akaonywa, akaiangusha tena. Tulimwambia mama yake kwamba mtoto huyu ana kitu. Hatukusema ni kitu gani, na neno hilo dogo lilitosha. Juma lililofuata alipelekwa katika chumba kimoja cha maombi, akafungishwa siku tatu bila chakula, na siku ya tatu nyanya yake mzaa baba akatajwa kuwa ndiye aliyempa uchawi ndani ya kipande cha andazi. Nyanya huyo hajakanyaga tena nyumba ya mwanawe. Mtoto naye hakutulia. Angetuliaje, akiwa na njaa na amepokonywa nyanya?

Hali ambayo huenda ilikuwa ikimsumbua ina jina. Madaktari wa kwetu huiita kwa herufi za Kifaransa, TDAH, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi. Haikuvumbuliwa jana. Mwaka 1902, mjini London, daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto walioshindwa kujizuia ingawa akili zao hazikuwa na kasoro. Yeye aliiona kuwa ni upungufu wa kujitawala kimaadili, na jina hilo halikuwa zuri. Walakini alitafuta sababu katika mwili wa mtoto, hakuitafuta kwa nyanya. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliopima ubongo wa watoto kwa miaka mingi walionyesha kwamba kwa watoto wenye hali hii tabaka la nje la ubongo hukomaa likiwa limechelewa kiasi cha miaka mitatu. Tena hali hii hurithiwa sana. Ukiuliza vizuri katika ukoo utasikia kwamba baba naye alikuwa hivyo hivyo, au mjomba, yule aliyebadilisha shule mara nne.

Wako wanaotuambia kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Uchunguzi uliofanywa katika mabara mbalimbali, Afrika ikiwamo, umekadiria takribani watoto 5 katika kila 100. Katika darasa la watoto sitini, hao ni watatu. Mmoja wao huenda ni msichana ambaye hapandi mabenchi wala hapigi kelele. Amekaa kimya nyuma kabisa, mawazo yake yako mbali, na hakuna aliyewahi kumwita mchawi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwangalia.

Wahubiri wa vyumba vile hupenda kutusomea sura ya tisa ya Injili ya Marko, habari ya baba aliyemleta mwanawe anayeanguka na kutoka povu. Haya, na tuisome pamoja nao, lakini tuisome yote. Kabla ya kutenda lolote, Yesu anamwuliza baba swali: mambo haya yamempata tangu lini? Ni swali lile lile ambalo daktari mzuri huanza nalo. Hamwulizi ni nani katika ukoo aliyemroga. Hamnyimi chakula, hamchapi, hamtozi baba hata sarafu moja. Mwishoni anamshika mtoto mkono na kumwinua. Anayedai kumfuata Yesu huku akimfungia mtoto ndani kwa njaa amesoma kitabu kingine.

Kanisa lenyewe halikuacha jambo hili mikononi mwa kila mwenye sauti kubwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kufanya kazi ya kupunga pepo bila ruhusa wazi ya askofu wa mahali, na Katekisimu, katika namba 1673, inatenga waziwazi magonjwa, hasa ya akili, kuwa kazi ya utabibu. Nchi nayo imesema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtishia mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Vyumba vile viko kando ya barabara, vina mabango na vipaza sauti. Kila mtu anavijua, na sisi tunavipita tukielekea mazoezi ya kwaya.

Kuna wengine, wengi wao watu wema, wasioamini uchawi ila wanaamini fimbo. Sisi tulichapwa, husema, na tukanyooka. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni hapati macho kwa kuchapwa. Anachojifunza huyu wetu ni kudanganya upesi zaidi na kumkimbia mwenye fimbo. Na anayekimbia sana mwisho hulala sokoni.

Hata hivyo tusiwe wepesi kugawa jina hili jipya kama tulivyogawa lile la zamani. Si kila mtoto anayerukaruka ana TDAH. Madaktari hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, si shuleni tu wala si nyumbani tu. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Ipo aina ya kifafa isiyoangusha, inayomfanya mtoto aduwae sekunde chache mara nyingi kwa siku. Asiyekula asubuhi hana umakini, na huo si ugonjwa. Na katika jimbo hili letu, mtoto aliyelala porini akisikia risasi hushtuka kwa kila mlango unaogongwa. Yeye anahitaji msaada mwingine. Ndiyo maana tunadai apimwe na mwenye ujuzi. Mabruda wa Upendo wanahudumia wagonjwa wa akili Bukavu katika kituo cha SOSAME, Goma katika Tulizo Letu, na Lubumbashi katika kituo cha Joseph Guislain. Watu hudhani huko hupelekwa vichaa tu, na aibu hiyo inawagharimu watoto.

Dawa ipo, methilifenidati, nayo huwasaidia wengi. Hupunguza hamu ya kula na usingizi, hivyo haitolewi bila daktari anayefuatilia, na si rahisi kuipata huku kwetu. Lakini kwa mtoto mdogo, chini ya miaka sita, tiba ya kwanza si kidonge: ni kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza. Na mengi yasiyohitaji duka la dawa yako mikononi mwetu. Mkalishe mbele, mbali na dirisha. Mpe agizo moja, likiisha mpe la pili. Msifu papo hapo, maana sifa ya mwisho wa mwezi haimfikii. Mpe kazi ya kusimama: agawe vitabu, apige kengele, abebe maji. Tangu shule za msingi za serikali zifanywe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mwalimu hawezi kuyafanya haya peke yake. Sisi tuna watoto ishirini na Jumamosi nzima. Udhuru wetu ni upi?

Mama wa mtoto yule tulimwendea mwezi wa tano. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakutukaribisha kuketi, na hatukumlaumu. Baadaye alikubali tumsindikize kwa daktari. Sasa mtoto anakuja kwetu tena, ndiye anayepiga ngoma, na bado anaiangusha. Nyanya hajarudi. Katika daftari letu la mwaka ule kuna majina mengine matatu yaliyofutwa kwa wino mwekundu. Nyumba moja tumeshaipata, mbili bado tunaziuliza katika mashirika ya mtaa.