Akiba ya Uzeeni Isiishie Kwenye Matofali

Mfanyakazi wa Kampala anapotimiza miaka 55, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) humlipa akiba yake kwa mkupuo: asilimia 5 aliyokatwa kila mwezi kwenye mshahara, asilimia 10 ya mwajiri, pamoja na faida. Wengi hukimbilia kununua kiwanja Wakiso au Mukono na kujenga. Makazi ni haki ya kila mzee, lakini nyumba hainunui dawa za shinikizo la damu wala haimlipi msaidizi pale magoti yanapokataa ngazi. Hesabu ya uzee ianze na matumizi ya kila mwezi, kisha ndipo ukubwa wa nyumba uamuliwe.

Anayetegemea serikali atasubiri sana. Ruzuku ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na hutolewa kuanzia miaka 80, yaani robo karne baada ya akiba ya NSSF kulipwa. Makao ya Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga na kutembelewa na Papa Fransisko mwaka 2015, huwahifadhi wasiojiweza kwa nguvu ya sadaka. Si haki mwenye mshahara kuyafanya kuwa mpango wake. Njia ipo. Sheria ya NSSF ya 2022 inamruhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Hiyo itoshe kwa makazi. Sehemu kubwa ya inayobaki, itakapolipwa, iwekwe mahali panapozaa, kama hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba kila miezi sita.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu hutunzwa na watoto. Ni kweli, na utu huo usife. Lakini watoto hao wana kodi ya nyumba na karo za kulipa, na mzazi mwenye kipato huwapunguzia mzigo bila kuwapunguzia upendo. Wengine wanahofia mfumuko wa bei. Hofu hiyo ni ya haki, nayo ndiyo sababu ya kutoacha fedha zilale taslimu. Na wasioajiriwa, waendesha bodaboda na wachuuzi wa soko la Owino? Sheria hiyohiyo imewafungulia mlango wa kuchangia kwa hiari. Ndugu msomaji uliyefika miaka 45, kaa na mwenzako na watoto, andikeni gharama za mwezi mmoja wa uzee wenu, kabla hamjamwita fundi.