VIJANA NA MUZIKI: Usinunue basi kwa macho

Umechunga feza miezi mingi upate gitare ya basi, uchezee harusi siku ya posho. Rangi isikudanganye! Tazama shingo kama fundi anavyotazama ubao: ikisokotwa, acha. Piga kila kamba: mi, la, re, sol. Finya kwenye chuma cha 12: sauti iwe ile ile, lakini ya juu. Kama sivyo, muuzaji airekebishe mbele ya kulipa.

Fender Precision ya 1951 ilikuwa na maikro moja. Jazz Bass ya 1960 iko na mbili, na shingo nyembamba karibu na kichwa. Mkono mdogo utaipenda.

Na kama feza hiyo ni minervali ya mdogo wako? Azima basi ya mwenzako kwanza. Harusi zitakuwako tena; mwaka wa masomo haurudi.