Mganda Aliyezaliwa Mississippi

Julai 2025, Hulk Hogan alipofariki, nilikuwa nyumbani Babati kwa likizo. Kufika jioni kundi letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja sekondari lilikuwa limegeuka msiba. Picha za masharubu ya manjano, kitambaa kichwani, fulana inachanwa vipande viwili. Mmoja akaandika kwamba utoto wake umezikwa leo. Mwingine, mwalimu, ambaye kwa kawaida haonekani kwenye kundi mpaka kuwe na mchango wa harusi, aliweka vikaragosi tisa vya kulia.

Nikaandika: "Na Kamala alipofariki mliweka nini?"

"Kamala yupi? Yule mama wa Marekani?"

"Yule Mganda."

Hapo wakakumbuka. Vicheko vikamwagika. Lile jitu la tumbo! Mla watu! Mlinzi wa Idi Amin! Nikawaambia hakuwa Mganda, hakuwahi kumlinda Amin, na alikufa miaka mitano iliyopita akiwa hana miguu yote miwili. Likapita kimya kifupi, kisha jibu lile ninalolijua tangu utotoni: "Kaka, acha usomi. Mieleka ni maigizo."

Makala hii ni jibu langu kwa sentensi hiyo. Kwenye kundi sikuweza kulimaliza.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza Maisaka. Mabati pande zote, mabenchi ya mbao, runinga moja juu ya kabati, kiingilio shilingi mia. Mchana mpira, jioni picha ya Kihindi, usiku mieleka. Hatukuwa na mieleka mipya. Tulikuwa na CD zilizobanwa mapambano ishirini kwa moja, nyingi za miaka ya themanini na tisini, na Kiingereza cha watangazaji hakuna aliyekifuata. Kwa hiyo mjomba alisimama kando ya runinga na kutangaza mwenyewe. Kamala akitokea, anatembea peku, amepakwa rangi usoni, nyota na mwezi vimechorwa kifuani na tumboni, ameshika mkuki, nyuma yake kibaraka aliyefunika uso na kuvaa kofia ya kikoloni, mjomba alipaza sauti: "Huyu katoka msitu wa Uganda! Alikuwa mlinzi wa Amin! Lugha hajui, nyama mbichi anajua!" Na sisi, watoto weusi wa Manyara, tulipiga mabati kwa viganja tukimwomba Hogan atuokoe.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, aliyekuwa analetewa kahawa yake hapo hapo. Vita ya Kagera alipigana. Usiku mmoja akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Mimi nimetoka Mutukula mpaka Kampala. Mtu wa hivyo sikumwona. Niliona watu wanauza ndizi na watoto wanaenda shule."

Tulimcheka. Mjomba akamwambia, "Mzee wangu, usituharibie shoo." Nilicheka zaidi ya wote.

Sasa tuzungumze habari za huyo Mganda. Jina lake lilikuwa James Harris. Alizaliwa Mississippi mwaka 1950, katika familia ya Wamarekani weusi waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mazao. Alianza mieleka mwaka 1978, na kuna wakati alipigana Uingereza akitumia jina la Mississippi Mauler, yaani akijitaja kwao. Mwaka 1982, huko Memphis, mapromota Jerry Jarrett na Jerry Lawler wakamtengenezea uhusika mpya. Jina wakalichota kwenye neno Kampala. Historia wakaichota kwenye magazeti: Amin alikuwa ameanguka Aprili 1979, miaka mitatu tu nyuma, na kila Mmarekani aliyekuwa na redio alikuwa amesikia kwamba Uganda kuna dikteta anayesemekana kula watu. Kilichobaki ni rangi, mkuki na ngozi ya kujifunga kiunoni.

Wakamkataza kuongea. Mtu aliyezaliwa na kukulia ndani ya Kiingereza akawa ananguruma na kujipiga tumbo mbele ya kamera. Ila kinachoniuma mimi ni jambo dogo zaidi. Katika mieleka unashinda kwa kumlaza mwenzako chali, mabega yakagusa jukwaa mpaka mwamuzi ahesabu tatu. Kamala alitakiwa aigize kwamba hilo halijui. Anamwangusha mtu, kisha anamlalia mgongoni badala ya kifuani, huku yule kibaraka akimwelekeza kwa ishara kama unavyoelekeza mbwa. Mtu wa miaka kadhaa katika kazi hiyo analipwa ili aonekane hajajifunza kazi yake. Ukiona hilo ukasema "maigizo tu", nakuuliza: mbona hatukuwahi kuona Mzungu aliyepewa mkanda wa kuigiza kwamba hajui kuhesabu mpaka tatu?

Najua mieleka ni maigizo. Kila mtu pale kibandani alijua baada ya mwaka mmoja, hatukuwa wajinga. Ngumi inapangwa, mshindi anapangwa. Lakini watu wanaosema hivyo wanasimama nusu ya njia. Kama kila kitu kimepangwa, basi kuna aliyepanga. Mpira, Simba akifungwa na Yanga, unaweza kulaumu beki au mwamuzi au mvua. Mieleka haina mvua. Kila dharau unayoiona pale imepitia mezani kwa mtu, ikasomwa, ikapitishwa. Neno "maigizo" halimwondolei mtu lawama, linatuonyesha tu anakaa ofisi ipi.

Tena si kila kitu ni maigizo. Magoti hayaigizi. Kichwa kikigonga ubao kimegonga ubao. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi alipokuwa anashushwa kwa kamba kuingia ulingoni, akafa. Shoo iliendelea usiku ule ule, mapambano mengine yakapigwa kwenye ulingo aliouangukia. Na malipo nayo hayaigizi. Wanamieleka wa WWE kwa miaka yote hii wamehesabiwa kuwa wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa, ingawa kampuni ndiyo inayowapangia jina, nguo, safari na nani awapige. Maana yake ni kwamba mambo ambayo mwajiriwa angeyadai, bima na kiinua mgongo, kila mtu anajitafutia mwenyewe. Jesse Ventura alijaribu kuwaunganisha wenzake waunde chama mwaka 1986. Hakikuundwa mpaka leo.

Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, karibu watu 80,000 walilipa kuingia SummerSlam. Kamala alipigana na Undertaker. Harris alisimulia baadaye kwamba alilipwa dola 13,000, na kwamba mwenzake alipata mara nyingi ya hizo. Mwaka uliofuata aliondoka, akaenda kuendesha malori. Babati tunawajua madereva wa malori. Njia ya Arusha na Dodoma inapita katikati yetu, tunawaona wanavyoshuka wamevimba miguu wakitafuta chai. Mwaka 2011 kisukari kikamlazimisha akatwe mguu mmoja, 2012 wa pili. Baadhi ya mashabiki walimchangia. Mwaka 2016 aliungana na wanamieleka wengine zaidi ya hamsini kuishtaki WWE kuhusu majeraha ya ubongo. Kesi ikatupwa mwaka 2018. Tarehe 9 Agosti 2020 UVIKO ukamchukua akiwa na miaka 70. Siku mbili baadaye Joe Biden akamtangaza Kamala Harris kuwa mgombea mwenza. Ukitafuta jina lake mtandaoni leo, Kamala na Harris, unaletewa mtu mwingine.

Atakuja mtu aseme Harris aliipenda kazi yake. Sibishi. Aliipenda, na aliifanya vizuri mno. Alikuwa anatisha kweli, na ukiangalia sasa unaona alivyokuwa anajua kuutumia ule mwili. Mtu anaweza kuipenda kazi na akadhulumiwa humo humo. Waulize mama zetu.

Na Hogan, mwokozi wetu? Kamala alizungushwa miji mingi mwaka 1986 na 1987 akipigwa na Hogan ili watu walale wakiwa na amani. Mwaka 2015 ilitoka rekodi ya Hogan akiwatukana watu weusi kwa neno ambalo sitaliandika. WWE wakamwondoa kwenye ukumbi wa heshima. Mwaka 2018 wakamrudisha. Hilo kundi letu wanalijua, nililiweka kwa viungo. Mwalimu akajibu, "Marehemu hasemwi vibaya." Sawa. Lakini Kamala ni marehemu pia, na saa moja kabla alikuwa ameitwa mla watu.

Kuna hoja nyingine ambayo ndiyo naiona mbaya kuliko zote, kwa sababu inavaa unyenyekevu: sisi mashabiki wa huku mbali tutafanya nini, wenyewe wako Marekani. Uongo. Angalia Kofi Kingston. Amezaliwa Kumasi, Ghana, lakini alipoingizwa kwenye runinga mwaka 2008 alitambulishwa kuwa Mjamaika, na lafudhi ya Kijamaika akapewa. Baadaye likaachwa kimya kimya, kana kwamba watu huhama bara usiku. Alikaa miaka kumi na moja kama mtu wa kuchangamsha ukumbi. Februari 2019 aliitwa kuziba nafasi ya mwenzake aliyeumia, akapigana zaidi ya saa nzima usiku mmoja, na mashabiki wakakataa kunyamaza. Kila wiki kelele, kila ukumbi jina lake. Aprili 7, 2019, akawa bingwa wa WWE, wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Hakuna anayeamini kwamba walikuwa wamempangia hilo tangu mwanzo. Mashabiki ndio walioandika ukurasa ule.

Oktoba 4 mwaka huo huo akapigwa na Brock Lesnar kwa sekunde zisizofika kumi, mkanda ukaenda. Na safari hii kelele zilikuwa wiki moja, kisha tukahamia kitu kingine. Hapo nami nilikuwa shabiki. Niliandika status moja ya hasira, nikaifuta asubuhi.

Kwa hiyo tunaweza, tukitaka. Tatizo letu ni tunachokitaka. Mukono, nje kidogo ya Kampala, kuna vijana wa Soft Ground Wrestling. Aliyewaanzishia, Daniel Bumba anayejulikana kama Bumbash, hakuwa na fedha za ulingo, wakautengeneza kwa miti na kamba juu ya udongo mwekundu. Wanaruka kutoka juu ya nguzo wakatua kwenye tope. Wasichana kwa wavulana. Majina wamejipa wenyewe, hadithi wanajitungia wenyewe, na video zao zimezunguka dunia. Hawa ndio wanamieleka Waganda, wa kweli, na hakuna aliyeshika mkuki. Mmoja kwenye kundi letu alishawahi kutuma video yao. Maoni ya kwanza chini yake: "Hawa nao wanaogelea kwenye matope, njaa mbaya." Watu wale wale waliomlilia Hogan. Tulifundishwa kumtazama Mganda kwa jicho fulani, na hata Mganda alipokuja mwenyewe tukamtazama kwa jicho lile lile.

Wala si Waganda tu. Nimewasikia watu wa mjini kwetu wakizungumza juu ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, mkoa huu huu, saa chache kwa gari, na ilikuwa ni sauti ya mjomba akiwa kando ya runinga: lugha hajui, nyama anajua. Na tulipompata wetu wa ulingoni, Karim Mandonga, tulimpendea nini? Aliangushwa Songea mwaka 2022 na umaarufu wake ukapanda. Kadiri alivyopigwa ndivyo tulivyocheka na ndivyo matangazo yalivyomfuata. Mandonga alikuwa mjanja, kuchekesha alikugeuza mtaji wake mwenyewe, namheshimu kwa hilo. Lakini ngumi za kichwa alizipokea yeye. Sisi tulipokea vipande vya video.

Siombi mtu aache mieleka. Mimi sijaacha. Juzi nimekesha nikitumia bando la wiki. Ninachodai ni kwamba shabiki akifungua mdomo kusema nani anafaa kuwa bingwa na nani ameboa, ambavyo tunavisema kila siku na kwa ujuzi mwingi, aseme pia nani amepewa kuwa mnyama, nani amenyimwa kuongea, nani hana bima. Tunabishana mpaka usiku wa manane kama Roman Reigns alikaa na mkanda muda mrefu mno. Hilo nalo ni swali la nani anapanga nini. Tunao ujuzi tayari, tunaukatia katikati.

Kibanda cha mjomba hakipo siku hizi. Kila mtu ana simu. Pale sasa anauza vipuri vya bodaboda. Kabla sijarudi chuoni Dodoma nilipita kumuaga. Nikampa shikamoo, tukakaa kwenye kreti za soda, nikamsimulia habari za Mississippi, za mzee wa kahawa, za miguu. Alinisikiliza huku anapanga boliti kwa saizi. Nikatoa simu nikamwonyesha watoto wa Mukono wanavyoruka. Akaangalia mara mbili, akacheka pale msichana mmoja alipomrusha mvulana nje ya kamba, akaomba nirudishe nyuma aone tena.

Kisha akasema, "Yule mzee alishafariki, unajua."

"Najua, mjomba."

"Na yule mwingine, umesema alikuwa anaitwa nani?"

"James Harris."

"Harris," akasema, akamgeukia mteja aliyekuwa anatafuta mnyororo.