Mkeka Ukichanika kwa Timu Moja

Pale Makambako, barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, vijana wameinamia simu wakisubiri matokeo ya mpira. Njombe mjini ni vivyo hivyo. Hela ya viazi au mbao inaingia, na kabla haijafika nyumbani imeshawekwa kwenye mkeka. Mara nyingi wanahubiriwa kwamba wamependa raha. Tunaona mahubiri hayo hayagusi ugonjwa wenyewe.

Ubongoni kuna kemikali iitwayo dopamini. Seli moja huitoa, ikavuka mwanya mwembamba na kushika vipokezi vya seli ya pili, kisha nyingi yake hunyonywa kurudi ilikotoka. Wengi huiita kemikali ya raha. Mwanasayansi Wolfram Schultz, akiwa Fribourg, Uswisi, alipima seli hizo kwa tumbili waliopewa juisi. Mwanzoni seli ziliamka juisi ilipofika. Tumbili walipozoea kwamba ishara fulani huitangulia juisi, seli ziliamka kwa ishara. Juisi yenyewe haikuzishtua tena. Ishara ikija bila juisi, zilinyamaza. Dopamini basi hupima tofauti kati ya kilichotazamiwa na kilichopatikana. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionyesha jambo zito zaidi: tumbili asipojua kama atapata, seli huzidi kuchemka kadiri anavyosubiri, na huchemka zaidi nafasi ikiwa nusu kwa nusu.

Hapo ndipo ulipo mkeka. Kumwonya kijana kwamba huenda akapoteza hakumtoi, maana kutojua ndiko kunakomvuta. Na mkeka uliochanika kwa timu moja yeye huusoma kama ahadi.

Katekisimu, namba 2413, haiiti kila mchezo wa bahati dhambi. Inaukataa unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wenzake, na inaonya juu ya utumwa. Namba 1735 inakubali kuwa mazoea yaweza kupunguza uwajibikaji, hata kuuondoa. Frateri anayejiandaa kukaa kitubioni ajifunze haya darasani, kwenye teolojia ya maadili, asije akabaki na neno moja tu: jikaze. (Neno hilo tumelisikia mno.) Aulize ishara iko wapi. Ni ujumbe wa simu? Kibanda cha njiani? Hela ya mavuno inaingia kwenye simu ya nani? Mke akiishika msimu mzima, na jumuiya ndogo ndogo ikampa mwenzao kampani, ishara zinapungua. Jumamosi jioni ndiyo saa ya kuanzia, mechi za Ulaya zikiwa hewani.