Sikio la Nyangumi

Watoto shuleni hutuuliza: nyangumi asikiaje, naye hana masikio? Sisi utotoni tulimdhani kiziwi. Masikio anayo, ila yamo ndani. Nje pana kitundu kidogo tu nyuma ya jicho.

Nyangumi wa meno hakitegemei kitundu hicho. Sauti humwingia kwa taya la chini, lenye mafuta ndani yake, nayo mafuta huichukua mpaka mifupa ya sikio, iliyo migumu mno. Mifupa hiyo haikushikamana na fuvu, bali imening'inia kwa kano. Ndiyo maana hutambua sauti imetoka upande gani. Sisi tukizama hatuwezi, kwani majini sauti hupita kama mita 1,500 kwa sekunde, ikatutikisa fuvu zima.

Nyangumi wasio na meno tundu lao limezibwa na nta, ambayo huongezeka tabaka juu ya tabaka maisha yao yote. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba katika nta hiyo waliona alama za taabu ya mnyama, nyingi sana miaka ya 1960, nyangumi walipowindwa mno. Lakini wakati wa vita vya 1939 hata 1945 uwindaji ulipungua, na alama zikazidi. Wakadhani ni mizinga na mabomu yaliyolia baharini.