Mlango wa Udaktari Haupo Kidato cha Sita

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, huanza pilikapilika ya vijana wanaotaka kusomea udaktari. Wazazi hupiga simu huku na huku, wanafunzi huulizana ni chuo kipi chenye ushindani mdogo, na walimu wa sayansi huombwa ushauri juu ya jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikwisha kuamuliwa zamani. Maoni yangu ni kwamba katika Tanzania tunaanza kuzungumza juu ya maandalizi hayo tukiwa tumechelewa miaka 4. Mlango mwembamba kuliko yote upo mwisho wa kidato cha pili, pale mwanafunzi mwenye umri wa miaka 15 au 16 anapoandika kwenye karatasi kwamba hataendelea na somo la fizikia.

Yafaa kwanza tueleze jinsi mambo yalivyo. Nchini kwetu hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia vyuo vya udaktari. Muhimbili, Bugando, Dodoma, Mbeya, vyuo vya Moshi na Zanzibar, na vile vya binafsi, vyote humpokea mhitimu wa kidato cha sita kwa kuangalia alama zake za fizikia, kemia na biolojia, tahasusi ambayo wanafunzi huiita PCB. Alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa hiyo aliyefaulu kupita wote huwa na pointi 15. Tume ya Vyuo Vikuu huweka kiwango cha chini, na kila chuo huchagua kuanzia juu kwenda chini mpaka nafasi zijae. Wanafunzi wengi hukidhani kiwango hicho cha chini kuwa ni ahadi. La hasha, ni ruhusa ya kupanga foleni tu, na wanaopata nafasi aghalabu wamekipita kwa mbali.

Sasa tuifuate njia hiyo kinyumenyume. Asiyefaulu fizikia kidato cha sita hawezi kuingia udaktari kwa njia hii. Asiyesoma fizikia kidato cha tatu na cha nne hawezi kupangiwa PCB. Na kwa miaka mingi desturi ya shule zetu imekuwa kwamba biolojia husomwa na wote, ilhali fizikia na kemia huweza kuachwa baada ya kidato cha pili. Mitaala hubadilika, lakini popote penye uchaguzi wa namna hiyo, ndipo penye mlango ninaousema. Basi hutokea kwamba msichana aipendaye biolojia, ambaye daftari lake limejaa michoro safi ya moyo na figo, na ambaye ukimwuliza atakuwa nani atakujibu bila kusita kwamba atakuwa daktari, huiacha fizikia akiamini kuwa haina uhusiano na wagonjwa. Hakuna aliyemwambia. Hugundua miaka 2 baadaye, anapojaza fomu za kidato cha tano.

Sababu za kuiacha zinajulikana. Shule haina mwalimu wa fizikia, au anaye mmoja kwa madarasa yote. Maabara ni chumba chenye meza na kabati lililofungwa. Uvumi kwamba fizikia ni somo la wavulana haujafa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haisemwi waziwazi mbele ya wazazi: baadhi ya wakuu wa shule huwashawishi wanafunzi wa wastani waiache fizikia ili wastani wa ufaulu wa shule usishuke. Shule hujipatia sifa kwa hasara ya mtoto. Sioni kwamba mwalimu ana haki ya kufanya biashara hiyo. Mwanafunzi aliyepata alama D ya fizikia kidato cha pili, kwa kufundishwa na mwalimu mgeni kila muhula, bado hajapimwa.

Wapo watakaouliza kama fizikia ni ya lazima kweli, au ni kikwazo tulichorithi tu. Mimi hufundisha fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na swali hilo huulizwa mbele yangu kila mwaka. Jibu langu huanza kwa Jean Poiseuille. Huyu alikuwa daktari wa Ufaransa aliyetaka kujua jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba. Katika tasnifu yake ya mwaka 1828 alipima shinikizo la damu kwa kutumia zebaki, na mpaka leo shinikizo la damu husomwa kwa milimita za zebaki. Baadaye, katika majaribio aliyoyatangaza miaka ya 1840, alipitisha maji katika vijibomba vya kioo vya vipenyo mbalimbali, akaona kwamba kiasi cha maji yapitayo hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo. Ukikipunguza kipenyo kuwa nusu, yatakayopita hayatakuwa nusu wala robo. Yatakuwa sehemu moja ya 16.

Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu ifuatayo ubaoni. Chukua mtoto mchanga ambaye njia yake ya hewa ina upana wa milimita 4, na mtu mzima ambaye yake ina milimita 8. Wote wawili wapatwe na uvimbe wa milimita 1 kuzunguka ukuta wa njia hiyo. Nusukipenyo cha mtoto kimetoka milimita 2 na kubaki 1, na cha mtu mzima kimetoka 4 na kubaki 3. Hewa ipitapo kwa utulivu, ukinzani kwa mtoto umeongezeka mara 16, na kwa mtu mzima mara 3 na kidogo tu. Ugonjwa ni ule ule na uvimbe ni ule ule. Mmoja anakohoa, mwingine anapigania roho yake. Daktari aliyeielewa hesabu hii hamwachi mtoto anayekoroma kwenye benchi mpaka zamu yake ifike. Aliyeikariri fomula bila kuielewa ataiandika kwenye mtihani, apate alama zake, kisha amwache mtoto kwenye benchi.

Hisabati nayo hudharauliwa na wanafunzi wa PCB, kwa kuwa kwao ni somo la ziada lisilohesabiwa katika zile pointi. Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 12 na anatakiwa kupewa dawa ya homa kwa kiasi cha miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, atapewa mililita 7.5. Hesabu hii ni ya darasa la saba. Hata hivyo nimewaona vijana wenye A tatu wakitafuta kikokotoo, na kisha kulikubali jibu la mililita 75 bila kushtuka. Nukta moja imesogea, na dawa imekuwa mara 10.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna wanafunzi wetu wanavyojiandaa. Miezi ya mwisho ya kidato cha sita hutumiwa kupitia mitihani ya zamani, swali baada ya swali, mpaka mwanafunzi alitambue swali kwa sura yake kama mtu amtambuavyo jirani. Twisheni za jioni na za likizo hufanya kazi hiyo hiyo kwa malipo. Sikatazi mitihani ya zamani. Ni lazima mtahiniwa ajue namna anavyoulizwa. Lakini mitihani hiyo ni ya kupimia, si ya kujifunzia. Mwanafunzi mmoja anaweza kufanya mazoezi 20 ya kupima asidi na alkali kwa bureti kwenye karatasi tu, na asijue kwamba tone la mwisho hubadilisha rangi ghafla, kwamba chombo kichafu huharibu jibu, na kwamba vipimo 3 visipokaribiana kuna kosa la kutafutwa. Damu ya binadamu hukaa katika pH ya kati ya 7.35 na 7.45, na nusu ya kazi ya figo na mapafu ni kuilinda isitoke hapo. Aliyewahi kuiona rangi ikigeuka kwa tone moja huelewa mara moja kwa nini mwili unahangaika hivyo.

Jambo jingine ni lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, na chuoni vitabu ni vya Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kwa nini mboga iliyotiwa chumvi hutoa maji, hajaelewa osmosisi kwa lugha yoyote. Mwalimu amwulize kwanza kwa Kiswahili, kisha amdai jibu la Kiingereza. Kijana huyo huyo atakapokuwa daktari, mgonjwa wake wa Kilosa au wa Newala hatamweleza maumivu yake kwa Kiingereza.

Wapo wenzangu wanaopendekeza tuwe na mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari, kama nchi nyingine. Nimeishi Uingereza nikisomea shahada ya uzamivu, na nimeiona mitihani hiyo kwa karibu. Kule ulianzishwa mwaka 2006 mtihani unaopima wepesi wa kufikiri kuliko ujuzi wa masomo, ambao sasa unaitwa UCAT. Mwingine ulioitwa BMAT ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023. Marekani wana MCAT, ambao kwa muundo ulioanza mwaka 2015 una sehemu 4, ikiwamo ya saikolojia na sosholojia, na humchukua mtahiniwa karibu siku nzima. India wana NEET, unaofanywa na watahiniwa zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2024 maswali yake yalivuja, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Kila mahali palipo na mtihani wa namna hii, nyuma yake imeota biashara ya kuwafundisha watu kuushinda. Katika jimbo la Rajasthan kuna mji, Kota, ambao sehemu kubwa ya uhai wake ni madarasa ya matayarisho. Nani kati ya wanafunzi wetu angenufaika? Yule wa mjini ambaye baba yake ana fedha za kulipia. Kwa hiyo siuungi mkono, japo nakiri kwamba hoja ya wenzangu ina uzito: alama 3 za mtihani mmoja hazisemi lolote juu ya moyo wa mtu.

Juu ya moyo huo, taifa letu liliwahi kujaribu njia nyingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, na aingie chuo kikuu akiwa na ushahidi wa tabia na bidii kutoka kazini kwake. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na palikuwa na sababu, kwani hesabu na kemia husahauliwa upesi. Lakini swali lililoulizwa Musoma halijajibiwa. Kijana anayetaka udaktari kwa kuwa shangazi amesema, na ambaye hajawahi kukaa na mgonjwa hata saa moja, anakwenda kusoma miaka 5 na kufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi kabla hajajua kama anavumilia harufu ya wodi. Kati ya mtihani wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo ipo miezi kadhaa, hata ukiondoa ile ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aende kwenye zahanati ya kata, aombe kufagia, kupanga kadi, kubeba maji. Akirudi nyumbani akisema hawezi, ameokoa miaka yake na nafasi ya mwenzake.

Kuhusu maombi yenyewe sina mengi. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Asome mwongozo wa Tume wa mwaka ule ule anaoombea, asiutegemee wa kaka yake. Majina katika cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule yalingane, kwani Bodi ya Mikopo nayo itavitazama. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Na asiyepata nafasi asidhani njia imekwisha: stashahada ya utabibu, kwa aliyeimaliza kwa wastani mzuri na mwenye vyeti vinavyotakiwa vya kidato cha nne, hufungua mlango wa shahada ya udaktari. Baadhi ya wanafunzi wangu bora wodini wamepita njia hiyo.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja la hesabu ndogo. Mwishoni mwa muhula huu, chukueni karatasi za uchaguzi wa masomo, mtenge za wale wanaoiacha fizikia, kisha mwaite kila mmoja wao na kumwuliza anataka kuwa nani. Watakaojibu daktari, muuguzi au mfamasia, andikeni majina yao, na karatasi zao msizitie sahihi mpaka mzazi ameitwa, mwalimu wa fizikia yupo, na mtoto ameelezwa kwa lugha anayoielewa ni kitu gani hasa anachokiacha.